Mtoto wa Mfano wa Hurumani

Aliyeshiba na akae vizuri, mwenye njaa na asogee karibu, maana habari hii ni ya chakula. Inatoka nchi ya Hurumani, ambayo msijisumbue kuitafuta kwenye ramani. Waliochora ramani waliipita wakiwa na haraka. Aliyefika huko ni Sista Leokadia Ngonyani wa Songea. Si mtawa, tusije tukaelewana vibaya. Ni nesi wa kliniki ya watoto, na kwetu nesi akishazeeka kazini huitwa sista hata na mumewe. Kwa miaka thelathini amewaning'iniza watoto wa watu kwenye mizani, ile ya saa yenye kikaptula cha kitambaa, wao wakilia na mama zao wakibembeleza, naye anasoma mshale na kuandika kwenye kadi. Hajawahi kuongeza gramu moja wala kupunguza. Ukitaka kugombana naye, mwambie tu kwamba mizani yake imekosea.

Alifikaje huko? Alifika, basi, na mizani yake begani. Mpakani alipewa fomu ya kuorodhesha wadudu wote aliowakanyaga njiani, kwa majina kama anawajua. Akaandika kwamba hakuwa akiangalia chini. Ofisa akasikitika sana, akamwomba asimame kando azitake radhi nyasi kwa dakika mbili. Sista Leokadia akazitaka radhi. Nyasi hazikusema kitu, na ofisa akagonga muhuri kwamba zimesamehe.

Hurumani, sheria ya kwanza ni huruma, na ya pili ni kuthibitisha kwamba unayo. Mji mkuu umegawanywa na barabara moja pana. Upande wa mashariki wanakaa Wambegu, ambao hawali chochote kilichotoka kwa mnyama: si nyama, si samaki, si mayai, si maziwa, si asali. Upande wa magharibi wanakaa Wakibuyu, wanaokunywa maziwa na kula mayai, na siku za sikukuu hula nyama. Hao nao msiwaone hawana huruma. Kwao ni marufuku kumkamua ng'ombe kabla hujamwimbia, na kuchinja bila kulia ni kosa la jinai. Kwa kuwa si kila mtu ana machozi karibu, wapo waliaji wenye leseni, wanaokuja na leso zao, wanalia robo saa, kisha wanakaa kusubiri supu.

Mahakamani kwao alikuta kesi ya kuku aliyedai mayai yake. Kesi ilikuwa na mwaka wa tisa. Kuku mwenyewe alikufa kwenye mwaka wa pili, ila wakili wake alikuwa anaongea vizuri mno, hakuna aliyependa kumkatiza kwa jambo dogo kama hilo.

Lakini lililomleta Sista Leokadia ni mtoto. Aliitwa Semeni, msichana wa miaka miwili na miezi mitatu. Mama yake, Zawena, ni Mmbegu. Baba yake, Sudi, ni Mkibuyu. Ndoa kama hiyo ilikuwa haijawahi kutokea Hurumani, na Baraza la nchi lilipopata habari kwamba wana mimba halikuwapongeza, lilikutana. Kwa miaka sitini pande mbili zilikuwa zinabishana kama mtoto anaweza kukuzwa vizuri bila chakula cha mnyama. Wambegu wakisema wenzao wanawafundisha watoto ukatili tangu kwenye kikombe. Wakibuyu wakijibu kwamba huruma inayomwangalia ndama ikamsahau mwanao ni huruma ya aina gani. Sasa kapatikana mtoto wa pande zote mbili. Baraza likamtangaza kuwa Mtoto wa Mfano. Atakuzwa kwa mama yake, kwa chakula cha Kimbegu, na atapimwa uzito kila Jumamosi mbele ya umma. Uzito wake ukishuka Jumamosi tatu mfululizo, atahamishiwa ng'ambo ya barabara, na huko Mmbegu haruhusiwi kuingia nyumba yenye maziwa. Maana yake Zawena atamwona mwanawe kwa kupungiana mikono.

Uzito ulikuwa umeshuka Jumamosi mbili.

Wapimaji wa hapo hapo walikuwa hawaaminiki tena. Mmoja alituhumiwa kuegemea meza ya mizani. Mwingine alionekana na weupe juu ya mdomo, ukazuka ugomvi kama ni maziwa au ni uji. Ndipo wakaandika barua nje kutafuta jicho geni. Sista Leokadia alipoisoma alidhani anaitwa kliniki. Alipoingizwa kwenye ukumbi wa Baraza na kuona viti mia nne, alijua kwamba hii si kliniki, hii ni mechi.

Siku yake ya kwanza, Jumatatu, walimpeleka kumwona mtoto akila. Katikati ya ukumbi palikuwa na jukwaa, na juu ya jukwaa meza moja na kiti kimoja kirefu. Semeni alikuwa amekalishwa hapo peke yake. Kulia kwake walikaa mashahidi sita wa Kimbegu, kushoto sita wa Kikibuyu, kila mmoja na daftari. Chini kidogo alisimama Msajili wa Matonge, Bwana Kidimu, mtu mwembamba, msafi, mwenye kola iliyonyooka, ambaye tangu mtoto huyu aanze kula hajakosa mlo hata mmoja. Alipaza sauti: tonge la kwanza, ugali wa mtama kwa maharage. Mtoto akanyoosha mkono. Shahidi wa kushoto akasimama, akaomba ijulikane kama harage lile ni zima au limepondeka. Wakajadili. Shahidi wa kulia akauliza kwa nini mwenzake amekunja uso mbele ya mtoto, maana kukunja uso ni kampeni. Wakajadili na hilo. Ugali ukapoa, ukashika ngozi juu. Mtoto akaweka mkono wake mezani, akawatazama wale watu wazima kumi na wawili mmoja mmoja, kama anayetafuta mtu anayemfahamu. Akala matonge matatu. La nne akaligeuzia uso.

Upande wa Wakibuyu wakapiga makofi. Makofi, mtoto kakataa kula! Sista Leokadia alishikwa na hasira mpaka masikio yakawaka moto. Upande wa pili nao hawakumhurumia mtoto. Walisaga meno kama timu iliyofungwa.

Jioni alikwenda nyumbani kwa Zawena. Alikuwa mama kijana, macho mekundu ya kukosa usingizi, na nyumba yake ilinukia karanga za kukaanga. Sista akamvua mtoto nguo, akamtazama kope, ulimi na kucha, akambana kidogo mapaja. Mtoto hakuwa mgonjwa. Alikuwa mtoto asiyekula vya kutosha, basi. Akamuuliza mama kwa sauti ya kikazi: anampa nini zaidi ya anacholishwa jukwaani? Zawena akatumbukiza mkono kwenye mtungi wa mtama, akatoa kichupa kidogo cha matone ya vitamini, ile ambayo haipatikani kwenye majani wala kwenye maharage, na akaanza kulia. Alisema anayanunua ng'ambo, amejitanda ushungi. Wambegu wenzake wakijua watamwita msaliti, kwamba amekiri chakula chao kina pengo.

Sista Leokadia akamwambia aache kulia, amefanya jambo sahihi kabisa. Mtoto wa maharage anahitaji matone hayo, na anahitaji karanga, ufuta na mafuta, na ale mara tano si mara mbili, na mama anayejua hivyo anaweza kumkuza bila kugusa ng'ombe wa mtu. Amewaona Songea watoto wa dengu wanaopasua mpira, na amewaona watoto wenye ng'ombe watatu uani ambao mbavu zao unaweza kuzihesabu. Kwamba jambo zuri kama hilo linafichwa kwenye mtungi, hilo ndilo lililomshinda.

Alipotoka alimkuta Sudi amesimama barabarani, katikati kabisa, pasipo pa mtu. Kijana mpole, mikono haijui pa kukaa. Alimwamkia shikamoo, akamwomba faragha. Sista alidhani anataka mizani isome chini ili upande wake ushinde. Kumbe sivyo. Alitaka isome juu.

"Sista, soma gramu mia mbili zaidi tu," alisema. "Mwanangu akihamishwa, watanipa mimi nimlee, na watu watanipongeza. Lakini atamlilia mama yake, na mimi nitakuwa nimeshinda nini?"

Na kwa kuwa alikuwa ameanza kusema kweli, akamalizia yote. Maziwa yanamsokota tumbo tangu utoto. Anayanywa kila asubuhi hadharani, kikombe kizima, anatabasamu, kisha anakimbilia nyumbani.

Jamani, Sista hakulala vizuri usiku ule. Kumsaidia angeweza, kidole kimoja tu chini ya kikaptula, nani angeona? Lakini alijua kwamba akidanganya kwa ajili ya mtoto huyu, basi kadi zote alizowahi kuandika zitakuwa karatasi tu, pamoja na zile zilizookoa watu. Asubuhi akamjibu Sudi hapana. Akamwambia mshale hatausukuma, ila kwamba kutoka Jumanne hadi Jumamosi ni siku nyingi kwa mtoto anayekula.

Akamwendea Msajili Kidimu, akamuuliza kwa upole ni nani hukaa kula na Semeni. Msajili akafungua kitabu cha sheria bila kutazama ukurasa, akakisoma kwa kichwa. Hakuna. Mtu mzima akila mbele ya Mtoto wa Mfano, akitafuna, akilamba kidole au hata akimeza mate kwa sauti, atakuwa amemshawishi. Mpishi naye haruhusiwi kuonja, asije akapendelea. Sista akauliza kama kweli chakula cha mtoto huyu hakijaonjwa na mtu yeyote kwa miaka miwili. Msajili akajibu kwa fahari kwamba hakijaonjwa.

"Na nyumbani kwako, Bwana Kidimu, watoto wanakulaje?"

"Sinia moja, sote pamoja. Wanagombania ukoko."

"Na huyu je?"

Msajili akamtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji ni maji. "Wale ni watoto, Sista," akasema. "Huyu ni ushahidi."

Mchana ule Semeni alipokalishwa, Sista Leokadia alipanda jukwaani. Hakuomba ruhusa. Alivuta ndoo, akaigeuza, akaikalia, akanawa mikono, akamega tonge kutoka sahani ya mtoto, akachovya maharage, akala mbele ya mashahidi kumi na wawili. Kisha akatema neno moja la Kingoni ambalo sitalirudia hapa. Maharage hayakuwa na chumvi hata chembe. Mtoto wa watu amekuwa akila maharage ya kuchemsha kwa maji na huruma. Akaagiza chumvi, kitunguu na tui la nazi, na kwa kuwa hakuna sheria iliyotaja chumvi, wakaleta.

Ukumbi ukawaka. Wambegu wakadai mgeni ni mla dagaa anayejulikana, mate yake yamegusa sahani. Wakibuyu wakadai ametumwa kuongeza ladha. Likaja suala kubwa la kisheria: je, tonge lililoliwa na mtoto wakati mtu mwingine anatafuna, ni tonge lake au ni la ushirika? Baraza likajifungia kulijadili siku hiyo, na siku ya pili, na ya tatu, na ya nne, wakitaja vifungu hadi sauti zikawakauka. Na kwa kuwa walikuwa wanabishana, hakuna aliyekumbuka kumkatiza mtoto. Sista na Semeni walikula. Walikula mchicha wa karanga, walikula viazi vitamu, walikula dengu na ndizi za nazi. Siku ya Alhamisi mtoto aliiba kiazi kutoka mkononi mwa Sista, akacheka sana. Siku ya Ijumaa Zawena naye alipanda jukwaani, akakaa upande wa pili wa sahani. Msajili Kidimu aliandika kila kitu. Ila Sista aliona kwamba safari hii alikuwa akiandika huku anameza mate.

Jumamosi viti vyote mia nne vilijaa. Mizani ikaning'inizwa, Semeni akavalishwa kikaptula, akaning'inia akichezesha miguu. Sista Leokadia akangoja mshale utulie, akausoma mara mbili, akatangaza: umepanda gramu mia tatu na hamsini.

Zawena alikaa chini palepale sakafuni, akafunika uso. Ukumbi ulilipuka, na pande zote mbili zikaanza kushangilia ushindi. Wambegu wakasema ni dengu. Wakibuyu wakasema ni pumzi ya mgeni, ambaye kwao anakunywa chai ya maziwa, na mtoto aliivuta kwa siku tano. Mwenyekiti wa Baraza akagonga meza, akamkabidhi Sista fomu ya kutaja sababu. Palikuwa na nafasi mbili tu za kuweka alama, moja imeandikwa Mbegu na nyingine Kibuyu. Sista akaitazama, akaigeuza, akaandika nyuma yake kwa mwandiko wake wa kliniki: Alikula na watu.

Mwenyekiti akasoma, akasema hicho hakimo kwenye orodha ya vyakula.

Hapo Zawena akasimama. Alikitoa kichupa kifuani, akakiinua juu wote wakione, akasema kwamba mwanawe hali mnyama na hatakula, kwa kuwa yeye mama yake hawezi kumwambia mtoto ampende ndama kisha amletee kikombe cha maziwa ya mama wa ndama. Na kwamba humpa matone haya kila siku kwa sababu anampenda kuliko anavyopenda kushinda. Wambegu wakashika vichwa. Wakibuyu walipoanza kushangilia, Sudi akasimama upande wao, akasema maziwa yanamsokota tumbo na hatayanywa tena hadharani wala kificho. Pande zote mbili zikakaa chini kama watu walioumizwa kweli.

Mwenyekiti akashauriana na vitabu vyake. Akatoa uamuzi kwa sauti ya huzuni, maana Hurumani hukumu mbaya hutolewa kwa huzuni. Ushahidi umechafuliwa: na chumvi, na matone, na mgeni, na mama. Kipimo cha leo kinafutwa. Na kipimo kilichofutwa, kwa mujibu wa sheria, huhesabiwa kuwa kimeshuka. Hivyo ni Jumamosi ya tatu. Mtoto atavushwa barabara mchana huu, mara tu Msajili atakaposaini.

Sista Leokadia alikuwa amesoma mshale kwa kweli, na kweli yenyewe haikumsaidia mtu. Sudi alikuwa anashuka ngazi mbio kuelekea kwa mkewe, akikanyaga madaftari ya watu.

Msajili Kidimu akachukua karatasi ya amri na kalamu, akapanda jukwaani. Sheria ilimtaka asaini mbele ya mtoto. Semeni alikuwa amekwisha vuliwa kikaptula na kukalishwa chini, miguu mbele, sahani yake ya mchana magotini, mama yake pembeni akimshika nguo kwa nyuma kama anayeogopa upepo. Msajili akainama kusaini. Mtoto akamtazama mtu huyu anayesimama mbele yake kila siku asiyekula. Akamega tonge, akalichovya vizuri, akamnyooshea.

"Na wewe," akasema.

Bwana Kidimu akabaki ameinama. Madaftari kumi na mawili yalikuwa wazi. Yeye aliijua sheria kuliko walioitunga: shahidi anayekula si shahidi tena, na msajili anayekula si msajili, na karatasi isiyo na saini ya Msajili haina nguvu, na Msajili mwingine huteuliwa kwa kura ya pande zote mbili, jambo ambalo pande zote mbili hazijawahi kuafikiana tangu nchi iumbwe. Mkono mdogo ulianza kuchoka, mchuzi ukidondoka kwenye kiatu chake kilichong'aa.

Akafungua mdomo, akalila.

Alitafuna taratibu. Mwenyekiti aliita jina lake mara mbili, yeye akameza. Akaiweka kalamu chini, akakaa sakafuni na kola yake iliyonyooka, na machozi yakaanza kumtoka ambayo hakuyakodi. Akamwambia Sista Leokadia, bila kumtazama, kwamba ameandika matonge ya mtoto huyu elfu tatu mia saba na kumi na mawili, na kwamba lipo jambo moja hakuwahi kumuuliza, wala shahidi yeyote hakuwahi, na hata kwenye fomu halimo.

"Basi muulize," Sista akasema.

Akajifuta uso kwa mkono wa shati, akamwinamia mtoto.

"Umeshiba, mwanangu?"

Semeni akaitazama sahani, akamtazama na yeye, akafikiri kidogo.

"Bado," akasema.